Gari ya kulala na mlima wenye tope: niliyojifunza kwenye vilima vya Kondoa

Mbukwenyi ndugu zangu. Kila mvua za huku kwetu zikianza napigiwa simu na watu wenye Coaster au Hiace walizozigeuza kuwa za kulala, na swali huwa ni lile lile, gari ikifika mlimani kwenye utelezi tairi zinazunguka tu haiendi, nifanyeje, nibadilishe injini? Leo nimeona niandike yote sehemu moja, maana hili jambo lilikaribia kumuua mpwa wangu na sitaki limkute mtoto wa mtu mwingine.

Kazi yangu ni kutengeneza pampu za sola za visima, nazunguka mkoa wa Dodoma, Kondoa, Chemba, Mpwapwa mpaka Kongwa. Vijijini kwingi hakuna gesti, kwa hiyo nilinunua Coaster iliyochoka, yenye injini ya dizeli ya 1HZ, nikang'oa viti nikaweka kitanda, jiko la gesi, tenki la maji la lita 200, betri za sola na sanduku la spana. Inasukuma kwa tairi za nyuma, na nyuma ni dabo, yaani tairi mbili mbili kila upande. Kiangazi chote ilinipeleka popote bila shida, nikajua nimepata gari.

Mwezi wa kwanza uliofuata tukaitwa kijiji kimoja huko juu ya Kolo, ukiwa unatoka Kondoa kwenda Babati, upande ule wa michoro ya mapangoni ambayo UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Barabara kuu ni lami safi, ila ukishaiacha unaingia udongo mwekundu na kilima baada ya kilima. Na usisahau Kondoa ni nchi ya makorongo, ndiyo maana serikali ilianzisha ule mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973 na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Kwa hiyo ukiteleza pale huendi kwenye mtaro, unaenda korongoni.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku, tukafika pale saa mbili asubuhi. Nikaingia mlima na gia namba moja, katikati tairi ya nyuma kushoto ikaanza kuzunguka, mimi nikakanyaga mafuta, ikazunguka zaidi, nikakanyaga tena, gari ikasimama ikaanza kunuka mpira. Nikavuta handibreki. Mpwa wangu akaruka chini kwenda kuweka jiwe nyuma ya tairi, na hapo hapo Coaster ikaanza kurudi nyuma taratibu huku handibreki imevutwa mpaka mwisho! Nikapiga kelele "toka huko nyuma!" akajitupa pembeni kwenye nyasi, gari ikashuka kama mita sita ikajibana kwenye kingo ya udongo. Mikono ilinitetemeka mpaka mchana.

Kwa nini ilirudi wakati handibreki imeshika? Hili wengi hawalijui na ndilo nataka ulishike kuliko yote. Handibreki ya Coaster yangu haiko kwenye tairi, iko kwenye propela shafti, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu kutoka giaboksi mpaka ekseli ya nyuma. Inafunga shafti, lakini difu, zile gia za katikati ya ekseli zinazoruhusu tairi za pande mbili kuzunguka tofauti, bado iko huru, sasa tairi moja ikiwa kwenye utelezi inaweza kuzunguka upande huu na nyingine ikazunguka upande ule, na gari ikateremka zake. Gari kibao za mizigo na mabasi madogo ya zamani zina handibreki ya namna hiyo. Mwulize fundi wako leo ya kwako iko wapi. Na iwe iko wapi, mlimani kwenye tope mguu usitoke kwenye breki mpaka kabari zimekaa, na anayeweka kabari asimame ubavuni mwa gari, aisukume kwa mti mrefu, asiingie nyuma hata kidogo.

Alikuja mzee mmoja pale na jembe begani, tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaangalia tairi, akaangalia mlima, akaniuliza, "Sasa mwanangu, ndani humo si kuna kitanda? Unakimbilia wapi?" Nilinyamaza. Alikuwa sahihi kabisa. Jua la huku likitoka, ule utelezi wa juu unakauka haraka, kilichokushinda saa mbili unakipanda saa tano bila jasho. Mwenye lori la mahindi ana haraka ya soko, lakini wewe una chai, una godoro, una maji, lala mpaka udongo ukauke. Siku hizi hilo ndilo jambo la kwanza ninalofanya, na nikipata mteja wa kunikimbiza namwambia ukweli, mvua ikinyesha nitafika mchana.

Ila kuna siku haikauki, mvua siku tatu mfululizo, inabidi upande. Basi twende kwenye tairi zenyewe.

Tairi inashika ardhi kwa vitu viwili, mpira wake na uzito ulioikalia. Nguvu ya injini haiongezi mshiko hata chembe, ukiizidisha ndiyo inauvunja. Tairi ikishaanza kuzunguka bure inasugua tope linakuwa kama kinyesi cha bata, inachimba, na meno yanajaa udongo, umebaki na tairi kipara hata kama ulinunua jana. Kwa hiyo ikianza tu kuzunguka, ondoa mguu kwenye mafuta. Najua moyo unakwambia ongeza, usiusikilize.

Kuhusu uzito, mimi nilikuwa nimekosea toka nyumbani. Tenki la maji nililiweka nyuma ya kiti cha dereva, betri na spea nikazirundika mkiani kabisa. Siku moja nikapita Kibaigwa kwenye mzani wa wafanyabiashara wa mahindi nikapima ekseli moja moja, ndipo nikaanza kuelewa gari yangu. Nikahamisha tenki likakaa juu ya ekseli ya nyuma, na betri nikazisogeza hapo hapo. Zingatia nimesema juu ya ekseli, siyo nyuma yake. Coaster ina mkia mrefu, ukirundika vitu mkiani gari inakuwa kama mizani, nyuma inalala na mbele inainuka, usukani unakuwa mwepesi na ukikata kona kwenye tope gari inanyooka tu kwenda inakotaka. Pia nabeba magunia mawili ya mchanga mnene wa korongoni, nayo yanakaa juu ya ekseli, ni uzito, na siku ya kukwama ni mchanga wa kumwaga mbele ya tairi.

Sasa wenye gari inayovuta mbele sikilizeni, kwenu hesabu inageuka. Gari ikiinua pua mlimani uzito unarudi nyuma, tairi za mbele zinabaki nyepesi, na ndizo zinazotakiwa kuvuta. Niliona wageni wawili wenye zile gari-nyumba za Ulaya, Fiat Ducato, wanapita huku kwetu kwenye ile njia ya Cape mpaka Cairo, walilala kwenye uwanja wa nyasi wenye mteremko, asubuhi nyasi zimelowa wanashindwa kutoka. Nikawaambia wageuze wapande kinyumenyume. Wakanitazama kwanza, wakageuza, wakatoka. Ukipanda kinyumenyume tairi za mbele ndizo zinakuwa chini, uzito unazikalia. Ni kwa umbali mfupi tu lakini, na uwe na mtu anayekuongoza akiwa pembeni.

Na hapo hapo niseme kuhusu kupaki. Mvua ikinukia, paki pua ikitazama chini, kwenye changarawe ikiwezekana. Asubuhi gari inatoka kwa uzito wake yenyewe. Kupaki bondeni kwenye ule udongo mweusi wa mbuga ni kujitafutia wiki nzima ya kukaa hapo.

Upepo wa tairi sasa. Hapa watu wananibishia sana. Barabarani tairi zangu za nyuma zina psi 65. Nikifika kwenye kilima chenye tope napunguza mpaka 45. Piga hesabu ya haraka, ekseli yangu ya nyuma ina karibu tani 3.2, tairi nne, kila moja inabeba kama kilo 800. Kwenye psi 65 tairi inakanyaga kama sentimita za mraba 175, kwenye 45 inafika kama 250. Siyo hesabu ya maabara, ubavu wa tairi nao unabeba kidogo, lakini unaona mwenyewe mguu umepanuka karibu nusu yake, na tairi inalainika, inakumbatia mawe na mizizi badala ya kuirukia. Wenye Hiace au gari nyepesi namba zenu ni nyingine, msinakili za kwangu. Na angalia haya, dabo ukizipunguza kupita kiasi zinavimba ubavuni zinasuguana, zitaungua. Ukishapunguza usizidi spidi 30, na usirudi lami kabla hujajaza. Kama huna kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri na geji ya kwako mwenyewe, usipunguze kabisa, acha.

Meno ya tairi. Nchi nyingi sheria inaruhusu meno yaishe mpaka kina cha milimita 1.6, lakini hiyo ni ya lami, kwenye mlima wa tope mimi nikishafika milimita 4 nabadilisha, zilizotoka nampa mwenye mkokoteni. Mbele naweka za mistari zinazoshika usukani vizuri, nyuma za meno makubwa. Na msinunue tairi za mtumba kwa kuangalia meno tu. Angalia ubavuni namba nne za mwisho baada ya DOT, ikiandikwa 2314 maana yake wiki ya 23 mwaka 2014. Tairi ya zamani mpira unakuwa mgumu kama kwato, meno yapo lakini haing'ati, hasa kwenye lami iliyolowa au zege. Nimeshawahi kuuziwa nne za hivyo kwa mkupuo mmoja na hela haikurudi.

Lami yenyewe nayo isikudanganye. Dodoma tunakaa karibu miezi saba bila mvua, vumbi, oili na dizeli vyote vimelala juu ya barabara. Ile mvua ya kwanza, nusu saa ya mwanzo, lami inakuwa sabuni. Mimi mvua hiyo ikinikuta napanda Nyang'oro kutoka Mtera kwenda Iringa, au Sekenke nikitokea Igunga kwenda Singida, napaki pembeni mahali salama nasubiri iioshe barabara.

Kupanda kwenyewe: shuka kwanza utembee mlima wote kwa miguu. Ukishindwa kusimama na viatu vyako, gari ya tani tano itasimamaje? Chagua mstari wako, mara nyingi tairi za upande mmoja kwenye nyasi za pembeni zinashika kuliko zote mbili kwenye njia ya pikipiki, ila hakikisha pembeni hapajalika na maji chini. Ingia na gia namba mbili, siyo moja, moja ina nguvu nyingi mno inavunja mshiko, mwendo wa mtu anayekimbia polepole, mguu usitikisike, usibadilishe gia katikati. Ikikataa, usipigane nayo. Rudi chini kwa rivasi, injini ikikushikilia, usikanyage klachi, breki iguse kidogo kidogo tu, maana ukiifunga tairi zote gari inateleza kama sabuni bafuni na usukani haukusikii tena. Kushuka kwa mbele ni hivyo hivyo, gia nzito na subira.

Nina mbao mbili za kuweka chini ya tairi. Mbao tupu ikilowa inateleza vibaya, kwa hiyo nilienda kwa fundi wa katambuga pale soko la Sabasaba, Dodoma mjini, nikanunua vipande vya tairi kuukuu, nikavipigilia juu kwa misumari mifupi isiyotokeza. Haijawahi kuniangusha, ila inaweza kurushwa nyuma kwa nguvu, narudia tena, mtu asikae nyuma. Cheni pia ninazo, dabo nafunga zile za nje, nafunga nikiwa bado tambarare. Kufunga cheni ukiwa umeshakwama kwenye mteremko ni kulala chini ya gari inayotafuta sababu ya kusogea.

Mwaka huu mwezi wa tatu tuliitwa tena kule kule juu ya Kolo. Mvua ilikuwa imepiga usiku kucha. Tulifika saa moja, tukachemsha chai, mpwa wangu akaupanda mlima kwa miguu na fimbo akachoma vijiti kuonyesha ninapotakiwa kupitisha tairi za kushoto. Saa tano na nusu nikapunguza upepo, nikaingia na mbili. Pale pale tulipokwama mwaka ule nikasikia nyuma inayumba kidogo, nikalegeza mafuta kidogo, ikang'ata, ikaendelea. Juu tukachomeka kompresa, tairi nne zilichukua karibu dakika arobaini kurudi 65, na yule mzee akatukuta tunamalizia chai akakaa kwenye ngazi ya gari, tukammiminia kikombe.