Umepewa usupavaiza ila waliokuzidi umri hawakusikii? Soma hapa

Dada pole, na hongera pia maana kupewa vijana saba shamba la zabibu Hombolo, Dodoma, ukiwa na miaka 26 sio mchezo. Unasema wale wazee wawili mnaofanya nao kazi hawakusikii na ukitoa oda kwenye grupu la WhatsApp wanasoma tu wanakaa kimya. Mi ningeanza hapo hapo, acha kuwasema kwenye grupu. Mtu mzima ukimsema mbele ya vijana umeshampoteza, mwite pembeni, tena anza na mbukwa, ile salamu ya Kigogo, msikilize kwanza.

Mi niliwahi kusimamia mafundi saiti moja kule Mtumba, miezi miwili ya kwanza nilikuwa napiga kelele tu na kazi haiendi, mpaka siku nikamwomba mzee mmoja anifundishe kupima usawa wa ukuta kwa timazi, basi kuanzia pale ndo akawa mtu wangu na wengine wakamfuata yeye.

Sasa wewe una kazi ya kupogoa, yaani kukata matawi ya mizabibu, na zabibu hapo mnavuna mara mbili kwa mwaka so nafasi ya kufundishana ipo kibao. Mpe kila mzee vijana wawili awaonyeshe jicho gani, pale tawi linapochipukia, linaachwa na lipi linakatwa, we pita jioni uulize wamejifunza nini, usikague kama polisi. Akiharibu mtu, muulize angefanyaje tena. Ila yule anayechelewa kila siku huyo mwambie ukweli tu, hamna cha kubembelezana.