Mdogo wangu, usikimbilie rafuni

Juzi usiku nimepokea ujumbe kutoka kwa binti aliyeajiriwa mwaka huu kwenye maktaba ya wilaya. Ameandika: "Dada shikamoo. Wasomaji wakija kaunta wakaniuliza wasome nini nababaika, nawaonyesha rafu tu. Wewe uliwezaje?" Mwishoni akaniuliza pia kuhusu lile daftari langu la kuandika wasomaji wamependa nini, nililolitaja humu mwezi uliopita.

Marahaba, mdogo wangu. Nilianza kukujibu kwenye simu, jibu likawa refu, nikaona heri niliandike hapa, maana najua hauko peke yako. Na ninyi mnaosoma hapa mnataka kile kile ninachokitaka mimi: mtu aje maktaba kwa ajili ya kitabu, asije kwa ajili ya kiti na feni ya kusomea madaftari yake ya shule.

Nianze na aibu yangu.

Mwaka wangu wa pili kazini alikuwepo fundi wa gereji moja nyuma ya stendi. Alikuwa akija Jumamosi mchana, amenawa mikono kwa sabuni ya unga lakini grisi imebaki kwenye kucha, na kitabu alikishika kwa ncha za vidole asije akakichafua. Alikuwa amemaliza Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, akamaliza na nyingine za Willy Gamba, yule mpelelezi wa Musiba, tulizokuwa nazo, akaja kaunta akasema, "Dada, nipe kingine." Maneno matatu tu.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ukutubi cha Bagamoyo, kichwa kimejaa. Nikampa Nagona ya Kezilahabi, iliyotoka 1990, kitabu chembamba ambacho wasomi wa fasihi bado wanabishana maana yake. Nilimpa kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nakipenda wakati ule, na kwa sababu nilitaka ajue kwamba nimesoma. Nasema ukweli wangu. Alikirudisha Jumanne, siku ambayo hakuwa na kawaida ya kuja, akakiweka kaunta taratibu, akasema asante, akaondoka. Sikumwona tena kwa miezi saba.

Miezi saba, ndugu zangu! Na hakulalamika. Angelalamika ingekuwa afadhali. Baadaye aliniambia kwa kinywa chake kwamba alisoma kurasa kumi na kitu, hakuelewa, akajiona yeye ndiye mjinga, akasema moyoni kumbe maktaba ni ya wenye elimu zao. Neno hilo limenikaa kifuani mpaka leo. Mtu alikuja kwangu akiwa msomaji, nikamrudisha gereji akiamini kwamba kusoma hakumhusu.

Chuoni tulifundishwa kanuni tano za Ranganathan, yule mkutubi wa India, alizozitoa 1931. Mliosomea mnazijua: vitabu ni vya kutumiwa, kila msomaji na kitabu chake, kila kitabu na msomaji wake, okoa muda wa msomaji, maktaba ni kiumbe kinachokua. Nilizikariri zote nikafaulu vizuri. Lakini ile ya pili sikuielewa mpaka fundi aliponiachia Nagona mezani.

Alirudi siku alipomleta mwanawe sehemu ya watoto. Safari hii nilifanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nikamuuliza, katika zile za Willy Gamba, ulipenda nini hasa? Mapigano, au ule ujanja wa kumgundua mtu? Akafikiri kidogo, akasema anapenda pale mambo yanapofumbuka, "kama mimi ninavyosikiliza injini." Basi nikamtolea Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, kitabu cha 1960, yule mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Kitabu kilikuwa kimemzidi umri, jalada limeshikwa kwa selotepu, na nilimwona anakiangalia kwa mashaka. Alikimaliza kwa siku nne akaja kuchukua Kisima cha Giningi. Baada ya hapo ndipo nikathubutu kumpa Kuli ya Adam Shafi, habari za wapagazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa 1948.

Siku aliyoirudisha Kuli alisimama kaunta karibu nusu saa. Alinihadithia habari za marehemu baba yake aliyebeba magunia ya korosho kwenye maghala, jinsi alivyokuwa akirudi nyumbani na bega limechubuka na mama anamkanda kwa maji ya moto. Hakuwahi kumhadithia mtu, alisema. Nyuma yake foleni imefika mlangoni. Sikumkatisha.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: muulize kwanza. Usimuulize "unapenda vitabu vya aina gani", swali hilo linamfunga mtu mdomo, anaona kama yuko kwenye usaili. Muulize kitabu cha mwisho kilichomchelewesha kulala. Kama hajawahi kusoma kitabu nje ya darasa, muulize tamthilia anayoifuatilia kwenye televisheni, au hadithi ya bibi yake ambayo bado anaikumbuka. Halafu nyamaza umsikilize. Wengi wetu tunauliza huku tumeshaanza kutembea kwenda rafuni.

Hata kitabu kikikosekana, muulize. Alhamisi ya tarehe 7 Oktoba 2021 ilitangazwa kwamba Abdulrazak Gurnah ameshinda Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Ijumaa asubuhi, sijamaliza hata kufuta meza, mwalimu mmoja mstaafu yuko mlangoni, kofia mkononi: "Nipe kitabu cha yule Mzanzibari wetu." Hatukuwa nacho hata kimoja. Na hata tungekuwa nacho kingekuwa cha Kiingereza, na mzee alitaka kumsoma kwa Kiswahili. Jibu jepesi lilikuwa "hakipo, mzee". Nilimvutia kiti. Nikamuuliza, ukikipata unatarajia kukuta nini ndani? Akanyamaza, kisha akasema angependa kuiona tena Zanzibar aliyoiona utotoni, alipopelekwa kwa shangazi yake likizo, kabla ya Mapinduzi.

Nikaenda moja kwa moja kwenye Vuta N'kuvute. Adam Shafi tena, 1999. Yasmin, msichana aliyeozwa kwa mzee mwenye duka asiyempenda, na Denge na wenzake wanaohangaika na serikali ya kikoloni. Mzee aliichukua kwa shingo upande. Baada ya wiki mbili karudi na karatasi aliyoandika majina ya mitaa yote iliyotajwa humo anayoikumbuka. "Huyu nimemkubali," akasema, "sasa na yule mwingine nitamsubiri."

Alimsubiri kweli. Mwaka 2022 wachapishaji Mkuki na Nyota walitoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Gurnah ya 1994, na nakala ilipotufikia, mtu wa kwanza kumpigia simu alikuwa yeye. Kuhusu Yusuf, yule mtoto anayetolewa na baba yake kwa mfanyabiashara kwa ajili ya deni, aliniambia kwamba usiku mmoja alishindwa kuendelea, akafunga kitabu akatoka nje kukaa barazani. Mtu wa miaka sabini na kitu. Nilijivunia siku ile, na sioni haya kusema.

Hapo ndipo nilipopata wazo la meza ya mlangoni. Kila Jumatatu naweka vitabu viwili viwili, kipya na cha zamani, bega kwa bega. Peponi na Vuta N'kuvute ilikuwa jozi ya kwanza. Nyingine ninayoipenda ni Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon, iliyopata tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, pamoja na Utengano ya Said Ahmed Mohamed ya 1980, yenye Maimuna aliyefungiwa ndani na baba yake. Tangu 2023 tunayo pia Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, kwa hiyo vijana wanakuja wamesikia majina ya waandishi wapya. Mpe huyo mpya anayemtaka, na uweke wa zamani juu yake. Asipoambiwa na wewe, nani atamwambia? Kitabu cha zamani hakina redio ya kukitangaza. Kinakaa rafuni, miaka inapita bila muhuri, siku ya kupunguza vitabu mtu anafungua karatasi ya tarehe nyuma, anaona hakijaazimwa muda mrefu, kinakwenda kwenye boksi.

Nilimwokoa Siti hivyo. Msusi mmoja wa saluni ya jirani alikuja kulipia faini ya mdogo wake, akasema yeye hana muda wa vitabu, labda kiwe kifupi. Spika yake ya saluni tulikuwa tukiisikia mpaka ndani, taarabu asubuhi mpaka jioni, nami nikamuuliza kama anamjua mwanamke aliyekuwa wa kwanza katika hayo anayoyasikiliza. Hakumjua. Nikamtolea Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Muhuri wa mwisho kwenye ile karatasi ulikuwa wa 1996! Siti, muuza vyungu wa Fumba kule Zanzibar, mwimbaji wa taarabu aliyekuja kusafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Yule dada alikuwa akiwasomea wateja wake huku wanasukwa. Wateja wawili wamejiunga maktaba kutokana na hilo, na kadi zao nilizijaza mimi.

Sasa la uchungu, maana nisipolisema nitakuwa nimekudanganya kwamba ukiuliza vizuri mambo yote yatanyooka.

Mwaka 2013, sitasema maktaba gani, binti wa kidato cha tatu alinijia pembeni, si kaunta. Akanong'ona kwamba anataka hadithi ya msichana anayebanwa sana nyumbani. Nilimuuliza kama ninavyowafundisha hapa. Nikasikiliza. Nikampa Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya 1971. Mnaijua historia yake: ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, baadaye ikaja kusomwa darasani. Nilijua ninachofanya. Rosa analelewa kwa mkono wa chuma na baba yake, na hakuna aliyemwonyesha dunia, na hilo ndilo linalomwangamiza. Niliona ni kitabu cha yule binti hasa.

Baada ya siku tisa baba yake alikuja na kitabu kwenye mfuko wa rambo. Alikitupa kaunta. Mkuu wangu wa kazi hakuniita ofisini. Alinisema pale pale, sauti juu, wasomaji wameinua vichwa, kwamba naharibu watoto wa watu. Hakuniuliza binti alisema nini. Hakuuliza hata kitabu kinahusu nini. Kesho yake nikapelekwa stoo ya magazeti, miezi minne nafunga magazeti ya zamani kwa kamba ya katani. Miaka imepita, yule mkuu amestaafu, tunasalimiana vizuri tukikutana, lakini kidonda bado kibichi.

Jioni ile niliposhika kitabu kukirudisha rafuni nilikuta ndani karatasi ya pipi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa karibu na mwisho kabisa, zimebaki kurasa chache. Binti alikuwa anasoma. Walimnyang'anya amekaribia kumaliza, na hakurudi tena pale.

Nimejifunza nini? Mwanafunzi akija siku hizi namuuliza pia, na nyumbani wakikuona na hiki watasemaje? Akisema watafoka, namwonyesha kiti cha pembeni akisomee hapo hapo. Lakini kitabu nampa. Hilo sitabadilisha. Nawaomba ninyi vijana mnaoingia kwenye kazi hii msiwe wakutubi wa kutoa kamusi na vitabu vya kiada tu kwa sababu havina kesi. Mzazi mwenye hasira akija, mkaribishe kiti, mweleze kitabu kinasema nini, na ili umweleze lazima uwe umekisoma. Someni, jamani! Nawaona mnakaa kaunta siku nzima na simu, nyuma yenu kuna rafu nzima ya riwaya hamjafungua hata jalada. Utampendekezea mtu nini? Kitabu kimoja kwa wiki mbili, kipya mwezi huu na cha zamani mwezi huu huu, inawezekana, mimi nimelea watoto watatu nikifanya hivyo. Na ukishasoma, usimpe mtu ulichokipenda wewe. Muulize kwanza.

Kuhusu daftari. Ni kaunta buku ya kawaida, nilianza nayo wiki ile ile ya Nagona, sasa niko kwenye ya sita. Usiandike jina la msomaji, andika namba ya kadi tu, maana anachosoma mtu ni siri yake. Safu ya kwanza namba, ya pili kitabu kilichompendeza mwisho kwa maneno yake mwenyewe, ya tatu ulichompa, ya nne alichosema aliporudisha. Akisema "kizuri" usiandike kizuri, muulize alifika wapi akashindwa kukiweka chini, ndicho uandike. Chora mistari kwa rula kabla ya kuanza, na hiyo safu ya nne ichukue nusu ya ukurasa. Mimi mwanzoni niliifanya nyembamba, na ukurasa wa yule fundi maneno yamepanda mpaka pembeni.