Robeson, Kenyatta na mwenye mkasi: majibu kwa wasomaji

Wiki mbili zilizopita niligusia kwenye safu hii jina la Paul Robeson, Mmarekani mweusi aliyelitawala jukwaa na sinema kuanzia miaka ya 1920, nikasema waigizaji wetu wangefaidika kumjua. Nilidhani nimemwaga punje mbili tu, kumbe nimewaita kuku wa mtaa mzima. Nimechagua maswali machache. Waliotuma salamu nimezipokea, na waliotaka namba yangu ya simu waendelee kusubiri.

Ni kweli Jomo Kenyatta aliwahi kuigiza na Robeson? (Msomaji, Tanga)

Kweli, na hili nalijibu kwa mara ya mwisho. Filamu ni *Sanders of the River* ya 1935, mtayarishaji Alexander Korda, mwongozaji nduguye Zoltan. Kijiji cha Kiafrika kilijengwa kwenye studio za Shepperton, nje kidogo ya London, kisha wakaokotwa weusi waliokuwa Uingereza siku zile, mabaharia kwa wanafunzi, wakavikwa ngozi na manyoya. Kenyatta alikuwa mmojawapo, chifu miongoni mwa machifu wa kujaza uwanja. Alikuwa ughaibuni, mfuko mtupu, akachukua kibarua. Basi.

Mnachonishangaza ni kwamba mnauliza ya Kenyatta, ya Robeson mwenyewe mnayaruka. Yeye alikuwa Bosambo, chifu mtiifu kwa mkuu wa wilaya wa Kiingereza huko Nigeria. Aliikubali kazi kwa sababu aliambiwa filamu itaonyesha utamaduni wa Waafrika kwa heshima, na kweli ngoma halisi zilipigwa picha huku Afrika. Akaigiza, akaimba, akaenda zake. Picha ilipotoka akakuta ni wimbo wa kuisifu himaya: Mwingereza mmoja akiwepo watu wana amani, akiondoka tu wanachinjana. Robeson alilalamika baadaye kwamba sumu hiyo ilitiwa wakati wa kukata na kuunganisha filamu, yeye akiwa hayupo. Akaikana hadharani. Lakini sura ilikuwa yake na sauti ilikuwa yake, na hadi leo wapo wanaomlaumu.

Ndiyo maana nasema kila siku, na mnachoka kunisikia: jukwaani mwigizaji ni bwana wa mwili wake mpaka pazia lishuke. Kwenye filamu, bwana ni mwenye mkasi.

Aliwahi kushinda Oscar? (Msomaji, Dodoma)

Hapana. Filamu fupi iliyotengenezwa kumhusu, Sidney Poitier akiwa msimulizi, ndiyo iliyoshinda, mwaka 1980. Yeye alikuwa kaburini miaka minne.

Nimesoma mtandaoni kwamba Robeson aliongea lugha zaidi ya ishirini, Kiswahili kikiwamo, kama maji. Ni kweli? (Mwalimu, Mombasa)

Mwalimu wangu, nusu yake kweli. Mwaka 1933 na 1934 alijiandikisha London kwenye chuo cha masomo ya Asia na Afrika ambacho leo tunakiita SOAS, akasoma fonetiki, yaani elimu ya matamshi, Kiswahili na habari za lugha nyingine za Kibantu. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na mitano, nyota tayari, ana mke na mtoto. Hakulazimishwa na mtu. Alitaka kujua babu zake walizungumzaje kabla ya kupakiwa merikebuni.

Lakini hayo ya "kama maji" ni chumvi ya mitandao. Aliimba kwa Kirusi, Kichina, Kihispania na Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya, na matamshi yake yalisifiwa. Kuimba lugha si kuimudu. Mimi nasoma Kiarabu tangu chuoni, vokali zote mahali pake. Nitume sokoni Muscat nirudi bila kitunguu.

Na kwa kuwa umenichokoza: mtu aliyetoka New Jersey aliona Kiswahili kinastahili muda wake, na sisi tuliokipata bure kwa mama tunaandika filamu zenye majina ya Kiingereza mabovu ili zionekane za kisasa. Haya, tuendelee.

Kwani hakuwa mwanasheria? Mbona mnamwita mwigizaji?

Alihitimu sheria Columbia mwaka 1923. Akaajiriwa kwenye ofisi ya mawakili, karani mzungu akakataa kuandika maneno anayosomewa na mtu mweusi, naye akachukua kofia yake akaondoka. Mwaka uliofuata alikuwa kwenye michezo ya kuigiza ya Eugene O'Neill huko New York. Kabla ya hapo alikuwa nyota wa kandanda ya Kimarekani chuoni Rutgers, na mpira ndio uliomsaidia kulipa ada ya sheria. Wazazi mnaowaambia watoto wachague kimoja, mmesikia.

Niliona picha yake akiwa Othello. Ilikuwa kitu gani kikubwa kiasi hicho, wakati Othello ni mweusi tangu kitabuni? (Msomaji, Nairobi)

Dada yangu, umejibu bila kujua. Othello, jenerali wa Venisi katika mchezo wa jina lake, ni mweusi tangu Shakespeare alipomwandika, na kwa zaidi ya miaka mia tatu wazungu wamejipaka masizi na kumwigiza. Kabla ya Robeson alikuwepo Ira Aldridge, mweusi wa New York aliyevuka bahari na kumcheza Othello Uingereza tangu 1825, kwa kuwa kwao asingeruhusiwa. Robeson alipojiandaa London mwaka 1930 alikwenda kufundishwa sauti na binti wa Aldridge, Amanda, aliyekuwa bado hai. Hapo huwa natulia kidogo. Kijiti kilikabidhiwa mkono kwa mkono.

Onyesho lilikuwa ukumbi wa Savoy, Desdemona, mke wa Othello, akiwa Peggy Ashcroft, binti mdogo kabisa katika fani. Mwaka mmoja nyuma, mgahawa wa hoteli ya Savoy, hoteli hiyohiyo iliyopakana na ukumbi, ulikataa kumhudumia Robeson kwa rangi yake. Akarudi hapo akiwa Jenerali wa Venisi, watu wakilipa kumtazama. Wapo waliochukia kumwona akimbusu mzungu jukwaani, na yeye mwenyewe alicheza kwa woga fulani, kama mgeni anayeogopa kuvunja kikombe.

Kwao Marekani ilibidi angoje hadi Oktoba 1943. Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, Uta Hagen akiwa Desdemona, José Ferrer akiwa Iago, yule mfitini wa Othello, Margaret Webster akiongoza. Maonyesho 296. Hakuna mchezo wa Shakespeare uliokuwa umedumu hivyo Broadway, na kabla yake hapakuwa na mweusi aliyemcheza Othello pale akiwa na kundi la wazungu. Walipoanza kuzunguka mikoani, Robeson alikataa kumbi zilizokuwa zinawatenga watazamaji kwa rangi. Hasara ya pesa, naam. Alimcheza tena Stratford-upon-Avon mwaka 1959, akiwa na miaka 61, mwili umechoka lakini sauti bado inatikisa mbao.

Sisi tunao *Mabepari wa Venisi* na *Juliasi Kaizari* kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere. Mara ya mwisho kuviona jukwaani, si darasani, ilikuwa lini? Swali langu hilo, nijibuni ninyi.

Alifia Urusi?

Philadelphia, Marekani, 23 Januari 1976. Tafadhali someni kabla ya kuandika.

Kama alikuwa maarufu hivyo, kwa nini wazazi wetu hawakuziona kazi zake? (Msomaji, Kigoma)

Kwa sababu nchi yake ilimfunga bila kumtia jela. Mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti. Mawakili wa serikali walieleza mahakamani, miongoni mwa sababu, kwamba amekuwa akipigania kwa miaka mingi uhuru wa watu wa makoloni ya Afrika. Yaani kosa lake ni sisi. Kumbi zikamfungia milango, redio zikamsahau, filamu ndiyo kabisa.

Mwaka 1952 alisimama juu ya lori mpakani mwa Marekani na Kanada, akaimba, umati ukiwa pande zote mbili. Mwaka 1957 aliimba New York, sauti ikapita kwenye waya wa simu chini ya bahari ya Atlantiki, London wakaisikia ukumbini. Miezi michache baadaye akawaimbia wachimba makaa wa Wales kwa njia ileile, nao wakamwitikia kwa kwaya. Pasipoti alirudishiwa 1958, baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuamua kesi ya wengine. Miaka minane, na ni ile ambayo mwigizaji huwa amekomaa kabisa.

Wewe unamsifu, mbona husemi kwamba alimsifu Stalin? (Msomaji, Arusha)

Nasema. Alipokea tuzo yenye jina la Stalin, mtawala wa mkono wa chuma wa Urusi ya Kisovieti, na alipofariki mtu huyo alimwandikia maombolezo. Baya zaidi ni la Juni 1949. Akiwa Moscow aliomba kumwona rafiki yake Itzik Feffer, mshairi Myahudi. Feffer aliletwa kutoka gerezani, na kwa simulizi ya mtoto wa Robeson, alimweleza hali kwa ishara za mikono maana chumba kilikuwa na masikio. Usiku wa onyesho Robeson aliwataja marafiki zake Wayahudi na akaimba kwa Kiyidishi wimbo wa wapiganaji wa geto la Warsaw, mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi. Ushujaa. Kisha akarudi kwao, akakanusha kwamba Wayahudi wanateswa. Feffer alipigwa risasi Agosti 1952.

Wanaomtetea husema hakutaka kuwapa maadui zake nyumbani fimbo ya kumpigia. Sababu hiyo naielewa. Siikubali.

Mimi ni mwigizaji chipukizi, Dar. Prodyuza anataka nisaini leo, skripti nitaiona lokesheni. Ananiambia nikichelewa kuna wengine.

Mwache awachukue hao wengine. Baada ya kuumwa na *Sanders*, Robeson aliingia kwenye filamu ya *Song of Freedom* mwaka 1936 na sharti moja: haitoki mpaka yeye aridhike na ilivyokatwa. Wewe hutapewa hilo, nyota bado hujawa. Lakini unaweza kudai skripti nzima kabla ya kusaini, siku za kazi ziandikwe, malipo ya kila awamu yaandikwe, na iandikwe kwamba sura yako haitatumika kwenye matangazo ya kitu kingine. Mimi nilisaini karatasi moja miaka ile bila kusoma, sauti yangu ikauza dawa ya mbu kwa miaka miwili. Sikupewa hata boksi.

Nianze na filamu ipi?

*The Proud Valley*, 1940. Anacheza mchimba makaa kati ya wachimba makaa wa Wales, na safari hii hakuna anayemvisha manyoya. Yeye mwenyewe aliithamini kuliko nyingine. Kisha *Show Boat* ya 1936, kwa ajili ya wimbo ule wa mto, "Ol' Man River". *Sanders* iwe ya mwisho. Na ukimwona Kenyatta, usiniandikie.