Žemaitukas ni farasi kamili
Ndugu, umeuliza kama mnyama huyu mfupi ni punda au mtoto wa farasi. Hapana, si punda wala mtoto wa farasi. Anaitwa Žemaitukas, farasi wa asili wa Žemaitija, magharibi mwa Lituanya. Ni mfupi, hafiki sentimita 150 begani, lakini ana nguvu na hachagui malisho. Mababu wa farasi hawa waliwabeba wapiganaji dhidi ya majeshi ya Kikristo ya vita vya msalaba!

Umeuliza kwa nini hawazalishwi haraka tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walibaki makumi machache, kwa hiyo karibu wote ni ndugu. Ukipandisha ovyo, unazalisha kasoro. Ndiyo maana kila dume huchaguliwa kwa kuangalia kwanza kitabu cha ukoo wake. Trekta nalo liliwanyang'anya kazi ya shambani, sasa baadhi hubeba watoto mgongoni.