Maharage, njiti za kiberiti na vita ya Marekani: mi nawafundishaga hivi

Mkuu umesema dogo wako wa darasa la sita amekariri "Kaskazini walikuwa na viwanda, Kusini walikuwa na pamba", ila akiulizwa kwa hiyo ikawaje anabaki katoa macho. Wala usimgombeze. Mi nafundisha tuisheni hapa Tanga, madogo wanaosoma silabasi ya nje, na hii mada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani, majimbo ya Kaskazini na ya Kusini yaliyojitenga (1861 mpaka 1865), ilinitoa jasho mpaka nilipoacha ubao nikahamia mezani.

Nagawa watoto makundi mawili. Punje moja ya harage ni watu laki tano, kwa hiyo Kaskazini wanapata 44 na Kusini 18. Njiti ya kiberiti ni reli kilomita elfu moja, Kaskazini kama 35, Kusini 14 hivi. Vifuniko vya soda ndo mali inayotoka viwandani, hapo nampa Kaskazini kumi Kusini kimoja. Halafu natoa lile bunda la pamba la duka la dawa nawapa Kusini lote, basi hapo wanachekelea kweli maana linaonekana kubwa kuliko vyote, na ndivyo wakubwa wa Kusini walivyojiona, pamba ilikuwa zaidi ya nusu ya mauzo yote ya Marekani nje.

Raundi ya kwanza naweka rula katikati ya meza, hiyo ni bahari imefungwa. Lincoln, rais wa upande wa Kaskazini, alitangaza kuzingira bandari za Kusini Aprili 1861, mwanzoni meli hazitoshi watu wanapenya, kwa hiyo rula naiacha na mwanya, kila raundi naubana. Na Kusini wenyewe mwaka ule wa kwanza waligoma kuuza pamba wakijua Uingereza itabanwa ije kuwasaidia, kumbe magodauni ya Waingereza yamejaa pamba ya misimu iliyopita, na baadaye wakaenda kununua Misri na India. Dogo mmoja akaniuliza "sasa mwalimu tunamuuzia nani?" Nikamwambia kuleni. Darasa zima lilicheka lakini mpaka leo hawajasahau. Nikawaelezea wanawake wa Richmond, mji mkuu wa Kusini, Aprili 1863, walivyoingia mtaani kuvunja maduka kwa ajili ya mkate, wakati mashambani chakula kipo ila reli zimechoka, vyuma vya kutengenezea hamna, na njia nyingine hazilingani upana mzigo unashushwa unapakiwa upya.

Watakuuliza tu, kama Kaskazini alikuwa tajiri hivyo mbona ilichukua miaka minne na Julai 1861 kwenye pigano kubwa la kwanza pale Bull Run akapigwa? Hapa usikimbie maana ndo penye utamu. Kusini alitakiwa azuie tu asitawaliwe, mwenzie ilibidi aende akashike nchi kubwa kweli kweli, na mali iliyoko stoo haipigani mpaka uisogeze. Mi nawaambia Kaskazini kila raundi mnasogeza njiti mbili tu, wanalalamika hao!

Sasa nikuambie nilipochemsha. Mwaka wa kwanza yale maharage 18 ya Kusini niliyaweka fungu moja, saba kati yake ni watumwa, nikawahesabu kwenye utajiri wa Kusini pamoja na pamba. Binti mmoja mkimya sana akanyoosha mkono, "Mwalimu, hawa si watu? Wao wanataka nani ashinde?" Nilikosa jibu la haraka asee. Siku hizi yale saba natumia maharage mekundu na yana sheria yake, jeshi la Kaskazini likisogea karibu punje nyekundu inaweza kuvuka yenyewe bila kuulizwa na mtu. Ikivuka, Kusini kapoteza mlimaji na Kaskazini kapata mtu. Kwenye vita yenyewe weusi kama 180,000 waliingia jeshi la Kaskazini, wengi wao walikuwa watumwa. Gemu ikabadilika kabisa, Kusini wanaanza kulinda maharage yao wenyewe badala ya kulinda mpaka.

Na kama dogo wako bado anaona ni mambo ya mbali, muulize merikani ni nini. Ile nguo nyeupe ngumu ilifumwa viwanda vya Massachusetts, jimbo la Kaskazini, kwa pamba ya Kusini iliyolimwa na watumwa, ikaletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari hukohuko Massachusetts, ikaenda bara mpaka Tabora kama pesa. Vita ilipoanza pamba haifiki kiwandani, merikani ikaadimika, nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi. Madogo wangu niliwapa kazi wakaulize nyumbani, mmoja akarudi na kipande bibi yake alikuwa anafunikia cherehani, sijui kama ni merikani ya kweli au jina tu limebaki, ila tulikiweka mezani upande wa pili wa rula.