Kiuno kwanza, sahani baadaye: mlo na saratani za homoni kwa akina mama

Tutenganishe mambo mapema. Saratani ya shingo ya kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Uganda, huletwa na kirusi cha HPV. Kinga yake ni chanjo ya wasichana wa miaka 10 na uchunguzi, si mboga. Hapa tunazungumzia titi na ukuta wa ndani wa mji wa mimba, ambako homoni ya estrojeni ina mkono mkubwa.

Mama akishakoma hedhi, ovari hupunguza kazi lakini estrojeni haiishi mwilini. Tezi zilizo juu ya figo huendelea kutoa homoni nyingine, na seli za mafuta zina kimeng'enya kiitwacho aromatezi kinachozigeuza kuwa estrojeni. Mafuta yakizidi, estrojeni nayo huzidi. Na kwa kuwa projesteroni ya kila mwezi haipo tena kuutuliza, ukuta wa mji wa mimba huchochewa kukua bila breki.

Kwa hiyo tafuta futi ya fundi cherehani. Vua gomesi pamoja na kikoyi cha ndani, maana vitambaa hivyo huongeza sentimita kadhaa za uongo. Pima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukishatoa pumzi kawaida, bila kubana tumbo. Zaidi ya sentimita 80 ni dalili ya kuanza kupunguza. Ukivuka 88, usiahirishe.

Wengi wakitaka kupungua huacha posho (ugali) mchana, halafu jioni njaa inawapeleka kwa muuza rolex, ile chapati iliyoviringishiwa yai. Hapo hujapunguza kitu. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, na chapati huanza kunywa mafuta kabla yai halijavunjwa. Soda ya mililita 500 ina sukari kama gramu 50, karibu vijiko 12 vya chai. Afadhali ule posho yako, robo ya sahani, na nusu nzima iwe mboga za majani kama dodo (mchicha), nakati au sukuma. Mchuzi wa karanga ni chakula kizuri, ila upakuliwe kwa kijiko, usimwagwe.

Maharage yana kazi ya pekee. Ini hutoa estrojeni iliyotumika kupitia nyongo hadi utumboni, lakini bakteria wanaweza kuifungua ikarudi kwenye damu. Nyuzinyuzi husaidia itoke na choo. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina nyuzinyuzi gramu 11 hadi 13, karibu nusu ya gramu 25 zinazotakiwa kwa siku. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya. Anza na nusu kikombe kwa siku, uongeze baada ya wiki. Anayerukia kikombe kizima siku ya kwanza hujaa gesi, akayasusia maharage kabisa.

Soya inaonewa bure. Kemikali zake hushika vipokezi vya estrojeni kwa nguvu ndogo sana, na uji wa soya haujaonekana kuongeza saratani ya matiti. Vidonge vyenye kemikali hizo kwa wingi ni habari nyingine: aliyewahi kuugua saratani ya titi amuulize daktari wake kwanza.

Pombe ndiyo ya kulaumiwa bila kuona haya. Kila gramu 10 za kilevi kwa siku huongeza hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 7 hadi 10 hivi, hata kwa mwanamke mwembamba. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu kama 20. Mililita 100 za waragi wa asilimia 40 zina 32. Ajono, pombe ya ulezi, ndiyo inayodanganya zaidi: chungu kinaongezwa maji moto huku mirija ikiwa mdomoni, na hakuna ajuaye amekunywa kiasi gani.

Mama anayenyonyesha aendelee. Kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari ya saratani ya titi kwa asilimia 4 hivi.

Hedhi ikishakoma mwaka mzima kisha ukaona damu, hata tone moja, hiyo si hedhi iliyorudi. Mwone daktari wa magonjwa ya wanawake wiki hiyohiyo, bila kupitia kwa muuza majani ya mpapai. Saratani ya mji wa mimba ikikutwa bado haijatoka humo, mara nyingi upasuaji wa kuuondoa mji huo huiponya.