Mtwara kuchele: maswali yenu ya seva ndogo

Mambo vipi wana Kusini. Tangu minada ya korosho ianze meseji za seva zimekuwa nyingi kuliko za simu mbovu, kila aliyefungua websaiti ya bei sasa hivi anatafutwa na wakulima wake. Najibu nilizoweza.

Fundi shikamoo. Nina VPS (seva ya kukodi) ya ram giga 1, lighttpd inayogawa kurasa na PHP inayozitengeneza, naweka bei za mnada. Asubuhi iko poa, mnada ukiisha tu watu wakiingia inagoma. Niongeze max-connections (idadi ya koneksheni inazoruhusu)? (Tandahimba)

Marahaba mdogo wangu. Usiiguse hiyo kwanza. Jan Kneschke alianza kuandika lighttpd mwaka 2003 akitaka kuonyesha kwamba seva moja inaweza kubeba koneksheni elfu kumi kwa mpigo, sasa watu mia tatu wa Tandahimba hawawezi kuiua. Anayekumaliza ni PHP. Andika `dmesg` uone meseji za kanel (kiini cha mfumo wa seva), nina uhakika utakuta "Out of memory" na jina la php pembeni, yaani ram imeisha kanel ikaamua kuua mtu.

Fungua konfigi ya fastcgi (njia ya lighttpd kuongea na PHP) upige hesabu: chukua `PHP_FCGI_CHILDREN` (watoto wa kila PHP kuu) uongeze moja, kisha zidisha kwa `max-procs` (idadi ya PHP kuu). Usipoandika max-procs inashika 4, na kama umekopi sehemu mtu ameweka children 16 hapo una 4 mara 17, prosesi 68, kila moja ikila mega 30 tu ni giga mbili na wewe una moja!! Weka max-procs 1, children 7, zinakuwa nane, inatosha.

Ila kusema kweli hata hizo nane huzihitaji. Bei ikishatangazwa haibadiliki mpaka mnada ujao, sasa PHP inaipika upya kwa kila anayefungua ya nini, ni kama mama ntilie anayebandika sufuria jipya kwa kila mteja. Bei ikitoka, skripti yako iandike faili moja la html basi, lighttpd inaligawa yenyewe bila kumuamsha PHP wala database. Mimi ningeanza na hili kabla ya lile la juu.

Kaka habari, nina gesti Mikindani, websaiti iko kwenye nginx (programu ya seva kama lighttpd). Nimewasha gzip (ya kubana mafaili kabla ya kutumwa) lakini picha za vyumba bado zinafunguka kwa kujikongoja. (Dada wa Mikindani)

Nzuri dada. Gzip ni ya maandishi, jpg ilishabanwa tangu kwenye kamera, ukiibana tena unaichosha CPU bure. Halafu ukiwasha gzip peke yake nginx inabana html tu, css na javascript mpaka uzitaje kwenye `gzip_types`. Level ya kubana weka 4 au 5, hao wa 9 wanajitesa.

Dawa ya picha ni kuzipunguza zenyewe. Picha ya simu inakuja na upana wa pikseli elfu nne, mteja anaiangalia kwenye kioo cha kiganjani, ipunguze iwe 1200 kisha weka `expires 30d` ili akirudi asizipakue upya. Ukibadilisha picha badilisha na jina la faili, la sivyo wateja wataendelea kuona mapazia ya zamani.

Nikiapload pdf inaniletea kosa la 413 (faili kubwa mno). (Nachingwea)

`client_max_body_size`, nginx inaanza na mega 1. Na kwenye php.ini kuna `upload_max_filesize` mega 2, nayo ipandishe pamoja na `post_max_size`.

Eti nizime keep-alive (koneksheni kubaki wazi mteja akishapata ukurasa) niokoe ram? (Lindi mjini)

Hapana bana. Seva yako ikiwa Ulaya na mteja yuko Liwale kwenye mtandao wa kuvizia, kila koneksheni mpya ni salamu za kwenda na kurudi baharini kabla hata herufi moja haijafika, na ukiwa na https salamu zinaongezeka. Kwenye nginx koneksheni inabaki wazi sekunde 75, ishushe iwe 15 kama roho inakuuma. Lighttpd yenyewe ni 5, iache.

Nikibadilisha konfigi nikiristati seva haiwaki tena, nifanyeje? (Masasi)

Pima kwanza. `nginx -t`, au kwa lighttpd `lighttpd -tt -f` na njia ya faili lako, itakwambia mpaka mstari wenye kosa. Na kwenye nginx tumia reload (isome konfigi upya bila kuzimwa) badala ya restart, maana konfigi ikiwa na kosa inaikataa inaendelea na ile ya zamani, wateja hawajui kitu. Mimi nilishawahi kusahau nukta mkato moja, nikaristati, nikafunga laptop nikaenda zangu Feri kula pweza. Narudi nakuta missed call kumi na tisa.